Kuchagua Uwanja wa Gofu Mjini Bangkok: Ramani Kwanza, Jina Baadaye

Mchagua jembe si mkulima, walisema wahenga. Methali hiyo ina ukweli wake shambani, ambako mvua haimngoji mtu anayegeuzageuza majembe dukani. Lakini mpenzi wa mchezo wa gofu anayefunga safari kwenda Bangkok, mji mkuu wa Thailand, hana budi kuwa mchaguzi. Mji huo na mikoa inayouzunguka ina viwanja vingi sana vya mchezo huo, vingine vya fahari na vingine vya watu wa kawaida, na siku za msafiri ni chache. Akichagua vibaya hapotezi mchezo tu. Hupoteza pia fedha iliyowekwa akiba na nyumba nzima, na pengine siku ambayo mke na watoto walikuwa wameahidiwa.

Gofu si mchezo mgeni kwa watu wa majeshi ya Afrika ya Mashariki. Uwanja wa Lugalo mjini Dar es Salaam ni mali ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na humo askari na raia hucheza pamoja. Safari ya Bangkok nayo si ndoto tena, kwa kuwa ndege huruka kwenda huko kutoka Nairobi na kutoka Addis Ababa. Wapo wanaokwenda kununua bidhaa, wapo wanaohudhuria mafunzo na mikutano, na wapo wanaokwenda kutibiwa katika hospitali zake. Aghalabu, basi, gofu si sababu ya safari. Ni kitu kinachotiwa katikati ya shughuli nyingine, na hapo ndipo hekima ya kuchagua inapohitajiwa.

MJI ULIVYO

Bangkok umelala juu ya nchi tambarare karibu na mahali mto Chao Phraya unapoingia baharini. Ardhi yake imepita usawa wa bahari kwa kimo kidogo tu, wala haina kilima cha kutajika. Sehemu kubwa ya pembezoni mwake ilikuwa mashamba ya mpunga na mifereji. Waliojenga viwanja vya gofu huko walichimba mabwawa, na udongo uliotoka wakautumia kuinua njia za kuchezea. Kwa sababu hiyo maji yako kila upande. Mchezaji aliyezoea vilima vya Kampala au Kigali ataona uwanja mwepesi kwa miguu, lakini mzito kwa mipira, maana mpira ukikosea njia kidogo huishia bwawani. Mwenye busara huenda na mipira ya kutosha, na ile ya bei kubwa huiacha nyumbani.

Maji hayo yana historia ya uchungu pia. Mwaka 2011 mafuriko makubwa yaliteremka kutoka kaskazini, yakafunika mitaa na mashamba, hata uwanja wa ndege wa Don Mueang ukafungwa tangu Oktoba mwaka huo hadi Machi 2012. Viwanja vingi vya gofu vya upande wa kaskazini vilizama.

Kwa kuwa ardhi ya katikati ya mji ni ghali mno, viwanja vya gofu vimesukumwa nje. Miaka ya nyuma kulikuwa na viwili vilivyokuwa ndani kabisa ya mji, na vyote vilizungukwa na njia za mashindano ya farasi. Kimoja ni cha Royal Bangkok Sports Club, chama kilichoanzishwa mwaka 1901, na mgeni haingii humo bila ya kualikwa na mwanachama. Cha pili kilikuwa katika viwanja vya Royal Turf Club, chama cha tangu 1916. Hicho kilifungwa mwaka 2018, na ardhi yake ikatengwa kuwa bustani ya kumbukumbu ya Mfalme Bhumibol. Msafiri anayefuata kitabu cha zamani cha watalii anaweza kumwambia dereva ampeleke mahali ambapo hakuna tena shimo wala kibendera.

Vilivyobaki vimegawanyika pande tatu kubwa. Upande wa kaskazini ni Don Mueang na mkoa wa Pathum Thani. Upande wa mashariki na kusini-mashariki ni Bang Na, mkoa wa Samut Prakan na mkoa wa Chachoengsao, njia ya uwanja mkubwa wa ndege wa Suvarnabhumi uliofunguliwa mwaka 2006. Upande wa magharibi ni njia ya Nakhon Pathom. Kutoka upande mmoja hadi mwingine ni lazima kuukata mji, na msongamano wa magari wa Bangkok unajulikana dunia nzima. Mwendo ambao alfajiri huchukua dakika 40 unaweza kuchukua saa mbili jioni. Treni za juu, zilizoanza mwaka 1999, zimepunguza taabu ya wenyeji, lakini viwanja vingi viko mbali na vituo vyake, na mfuko mzito wa fimbo si mzigo wa kupandishwa ngazi katikati ya watu wanaokwenda kazini.

Kwa hiyo swali la kwanza ni mahali msafiri atakapolala. Anayelala karibu na Suvarnabhumi achague viwanja vya mashariki. Aliye upande wa Don Mueang atazame kaskazini. Mtu anayelala kusini akaenda kucheza kaskazini kwa sababu tu amesikia jina la uwanja, atakuwa ameiuza nusu ya siku yake barabarani.

MAJINA YANAYOVUTA

Hata hivyo, majina yana nguvu yake, na si haki kuyadharau. Uwanja wa Navatanee, upande wa mashariki wa mji, uliandaa mashindano ya Kombe la Dunia la gofu mwaka 1975, ambayo Wamarekani walishinda. Uwanja wa Alpine, mkoani Pathum Thani, ulitumika kwa gofu katika Michezo ya Asia ya mwaka 1998, na mwaka 2000 Tiger Woods alishinda hapo mashindano ya Johnnie Walker Classic. Mchezaji huyo huyo alikuwa ameshinda katika uwanja wa Thai Country Club, njia ya Chachoengsao, mwezi wa Februari 1997, miezi miwili kabla ya ushindi wake mkubwa wa kwanza huko Augusta, Marekani. Wenyeji walimpokea kama mtoto wa nyumbani, kwa kuwa mama yake, Kultida, alikuwa mzaliwa wa Thailand.

Ni furaha halali kusimama mahali mashujaa waliposimama. Askari anaelewa jambo hilo kuliko wengi, kwa maana naye hupenda kuona viwanja ambako mapigano ya historia yalipiganwa. Lakini jina halimfundishi mtu kupiga mpira. Viwanja vya mashindano hurefushwa na kuzungushiwa maji ili kuwapima mabingwa. Mchezaji wa kawaida anayeingia humo na kuanza kupigia nyuma kabisa, pale wanapoanzia mabingwa, hutoka amechoka, amepoteza mipira kumi, na amewachelewesha walio nyuma yake. Akiamua kwenda, acheze mara moja tu, aanzie alama za mbele zinazolingana na nguvu zake, na siku nyingine acheze uwanja wa kawaida.

Wako pia waliojenga kwa fikira mpya. Uwanja wa Nikanti, ulioko upande wa Nakhon Pathom, umeyagawa mashimo yake 18 katika mafungu matatu ya sita sita badala ya mawili ya tisa tisa, ili mchezaji apumzike mara mbili. Mgeni hulipishwa kwa pamoja uwanja, mbeba fimbo na chakula. Mpango wa namna hiyo una faida moja kubwa kwa mtu mwenye mfuko mdogo, nayo ni kwamba anajua mapema gharama yote, wala hashtukizwi mlangoni.

VIWANJA VYA MAJESHI

Watu wa majeshi watapenda kujua kwamba nchini Thailand majeshi yenyewe yamekuwa wenye viwanja vya gofu kwa miaka mingi. Jeshi la Nchi Kavu limekuwa na vyake eneo la Ram Inthra, na Jeshi la Majini eneo la Bang Na. Ulio wa ajabu kuliko vyote ni ule wa Jeshi la Anga uitwao Kantarat, wenye mashimo 18 yaliyopangwa kati ya njia mbili za ndege za Don Mueang. Kwa miaka mingi mchezaji aliyefika hapo alikaguliwa kama abiria, na taa nyekundu ilimzuia asivuke wakati ndege inatua. Katika miaka ya karibuni kumekuwa na mjadala wa kuirudisha ardhi hiyo kwa matumizi ya umma, kwa hiyo anayetamani kuuona aulize kwanza hali yake kabla ya kufunga safari.

Ada za viwanja vya majeshi kwa kawaida zimekuwa nafuu kuliko za watu binafsi, na raia na wageni wameruhusiwa kucheza wakilipa. Kwa askari mgeni huenda hapo ndipo pazuri kuliko pote, kwani atakutana na watu wa kazi yake, wengine wastaafu, ambao wanajua maana ya kuamka alfajiri. Lakini aingie kama mgeni wa kawaida. Paspoti iwe karibu, nguo ziwe za mchezo na si za jeshi lake, na kamera ibaki mfukoni penye ndege na majengo ya kijeshi. Cheo cha mtu hubaki mpakani mwa nchi yake.

Kuna funzo jingine katika viwanja hivyo. Mwezi wa Februari 2020, katika mji wa Nakhon Ratchasima, askari mmoja aliua watu zaidi ya 20 baada ya ugomvi wa fedha uliotokana na biashara ya nyumba, ambao ulimhusu mkuu wake wa kazi na jamaa wa mkuu huyo. Hakuna dhuluma inayoweza kuhalalisha mauaji yale. Lakini msiba ule uliwafanya watu wa Thailand waulize kwa sauti ni nani wanaofaidika na biashara zinazofanywa kwa jina la ustawi wa askari. Mwezi ule ule Jeshi la Nchi Kavu lilitia sahihi mapatano na Wizara ya Fedha ili mali zake za biashara, vikiwemo viwanja vya gofu, zisimamiwe kwa pamoja na hazina ya serikali. Uwanja ukijengwa kwa jina la askari, basi hata askari wa cheo cha chini auone faida yake. Mgeni anayepita katikati ya majani yaliyokatwa vizuri ana haki ya kulitafakari jambo hilo.

MKONO UNAOBEBA MFUKO

Katika karibu viwanja vyote vya Bangkok mchezaji hulazimika kuchukua mbeba fimbo, ambaye wachezaji humwita kedi. Wengi wao ni wanawake, na kila mchezaji hupewa wake. Huvaa mikono mirefu, kofia pana na kitambaa kinachofunika uso, hata yakabaki macho tu, kwa sababu jua la huko haliwahurumii. Kazi yao si kubeba tu. Huufuta mpira, huziba mashimo yaliyochimbwa na fimbo, husema umbali uliobaki, na karibu na shimo huonyesha mahali nyasi zinapouelekeza mpira. Mama aliyefanya kazi hiyo miaka mingi anaujua mteremko wa kila shimo kama mpishi anavyokijua chungu chake.

Riziki ya watu hao hutegemea sana bakshishi inayotolewa mkononi mwisho wa mchezo. Kiasi cha kawaida ni baht 300 hadi 500, yaani kama dola 10 hadi 15. Mvua ikinyesha kutwa, au wageni wasipokuja, hurudi nyumbani karibu mikono mitupu. Kwa hiyo anayepanga gharama asiihesabu bakshishi kama ziada ya kutoa akipenda. Ni sehemu ya bei. Mtu asiye na uwezo wa kuitoa katika uwanja wa fahari achague uwanja wa bei ndogo ili aitoe bila kunung'unika.

Pana na suala la adabu. Wapo wageni wanaofika huko wakiwatania wanawake hao kwa maneno ambayo wasingependa dada zao waambiwe. Wengine huwakemea kwa kosa la mikono yao wenyewe. Mwenyeji wa Thailand hukunja uso mara chache mbele ya mgeni, na tabasamu lake lisidhaniwe kuwa idhini. Kushukuru kwa kuunganisha viganja mbele ya kifua na kusema "khop khun khrap", au "khop khun kha" kwa mwanamke, hakugharimu hata senti moja, na humfanya mgeni akumbukwe vizuri.

JUA, MVUA NA SAA

Majira mazuri ni kuanzia Novemba hadi Februari, wakati kuna ukavu na joto limepungua kidogo. Ndiyo maana bei huwa juu na viwanja hujaa. Machi hadi Mei ni miezi ya joto kali, na mwezi wa Aprili hali ya hewa hupita nyuzi 35 mara kwa mara. Katikati ya Aprili kuna sikukuu ya Songkran, ambapo watu humwagiana maji barabarani na maelfu husafiri kwenda makwao, hivyo mipango ya usafiri huvurugika. Kuanzia Mei hadi Oktoba ni mvua, hasa za alasiri, pamoja na radi. Uwanjani honi ya radi ikilia mchezaji aondoke mara moja, kwa kuwa mtu aliyeinua fimbo ya chuma katikati ya uwanda mtupu ni mti wa kupigwa kwanza.

Katika majira yote saa njema ni alfajiri. Jua huchomoza karibu na saa 12, na anayeanza saa 12 na nusu atakuwa amemaliza mashimo 18 kabla ya saa sita. Siku za kazi ni nafuu na zina nafasi kuliko Jumamosi na Jumapili. Msafiri akumbuke pia kwamba Bangkok imetangulia saa za Kampala na Nairobi kwa saa nne. Saa 12 ya asubuhi kule ni saa nane ya usiku huku, na mwili haudanganyiki. Siku ya kwanza baada ya kufika ni ya kupumzika.

HESABU YA NYUMBANI

Bandu bandu huisha gogo. Ada inayotajwa kwanza si gharama yote. Kwa mfano wa makisio, uwanja wa kawaida ulio karibu unaweza kudai ada ya baht 2,000, kedi baht 400, kigari baht 700, bakshishi baht 400, na teksi ya kwenda na kurudi baht 800. Jumla ni baht 4,300, karibu dola 130. Uwanja wa fahari ulio mbali waweza kudai ada ya baht 5,000, kedi 400, kigari 800, bakshishi 500 na teksi 1,600. Jumla ni baht 8,300, karibu dola 250. Tofauti ya michezo miwili ya namna hiyo ni ada ya shule ya mtoto kwa muhula katika shule nyingi za huku. Fimbo nazo hukodishwa viwanjani, na kwa mtu atakayecheza mara moja kukodi ni afadhali kuliko kubeba mfuko mzito kupita viwanja vitatu vya ndege.

Achukuliwe kwa mfano afisa wa polisi aliyestaafu, anayekwenda Bangkok kwa siku sita kumsindikiza mkewe kuchunguzwa macho hospitalini. Jioni amekaa na karatasi yake, ameandika majina ya viwanja vinne, vyote mashuhuri, vyote pande mbalimbali za mji. Anasema, "Mama watoto, nafasi kama hii haiji mara mbili." Mkewe anaisoma karatasi ile polepole, kisha anauliza, "Sawa, Baba watoto. Na siku ya majibu ya daktari utakuwa shimo la ngapi?"

Swali hilo halina hasira, lakini linamaliza ubishi. Mtu mwungwana ataichukua kalamu na kuanza upya. Kwanza ataandika siku za hospitali, ambazo haziguswi. Kisha ataandika siku moja ya kutembea na mkewe sokoni au mtoni. Zitabaki asubuhi mbili. Hapo ndipo ataifungua ramani, atafute viwanja viwili vilivyo upande ule ule wa nyumba ya wageni, kimoja cha bei nafuu, na kingine chenye jina ikiwa mfuko unaruhusu. Ataomba nafasi za alfajiri, za siku za kazi, na atauliza bei yote kwa jumla pamoja na kedi na kigari. Mkewe akiamka na kunywa chai, mume atakuwa njiani kurudi.

Mpango huo una michezo miwili badala ya minne, na ndio ulio bora. Uwanja unaofaa huchaguliwa kwanza kwa mahali na saa, kisha kwa fedha, kisha kwa kiwango cha mchezaji mwenyewe, na jina lije mwisho. Anayefuata utaratibu huo atarudi nyumbani na hesabu iliyo sawa, na mkewe hatakuwa na neno la kumsuta. Na kule Bangkok, mama aliyefunika uso kwa kitambaa atakuwa ameitia bakshishi yake mfukoni na kuondoka akiwaza watoto wake, kama mgeni anavyowaza wake.